Amiba Hatembei, Amiba Hali Chakula: Dalili na Vyanzo Vyake Kwenye Slaidi

Kabla ya kutafuta kosa, jua amiba mzima, kiumbe wa seli moja, anafananaje. Amoeba proteus, yule mkubwa wa maji baridi anayetumika sana mashuleni, ana urefu wa mikromita 250 hadi 750, yaani robo milimita hadi robo tatu. Kwenye lenzi ya 10 utaona mguu bandia mnene, yaani sehemu ya mwili inayochomoza kwa muda, unasonga mbele, ncha yake angavu isiyo na punje. Nyuma ya ncha hiyo punje zinamiminika kama maji ya mfereji uliofunguliwa sasa hivi. Upande wa nyuma umekunjamana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Akiwa na afya njema husogea mikromita 2 hadi 5 hivi kwa sekunde. Kwenye darubini yenye uwanja wa kuona wa milimita 1.8, ataukata wote kwa muda wa kama dakika 6 hadi 15. Ikiwa hujui upana wa uwanja wako, weka rula ya plastiki chini ya lenzi ya 4 na uhesabu milimita unazoziona, zidisha kwa 4, kisha gawa kwa 10. Hapo umepata upana wa lenzi ya 10.

Mguu wenyewe hudumu dakika chache tu. Tabaka la nje la amiba, ektoplazimu, limeganda kama jeli, na la ndani, endoplazimu, ni majimaji. Nyuzi za aktini zilizo chini ya utando wa seli huvutwa na mayosini (zote mbili ni protini), jeli inabana, majimaji yanasukumwa kwenda mbele. Yakifika kwenye ncha yanatawanyika pembeni na kuganda, yanakuwa ukuta mpya, na huko nyuma ukuta wa zamani unayeyuka kurudi kuwa majimaji. Kazi hii inahitaji maji yenye chumvi kiasi chake, sakafu ya kushika, joto la wastani na utulivu. Kimojawapo kikikosekana, umbo la miguu hubadilika kabla amiba hajafa. Kwa hiyo soma miguu kwanza. Usikimbilie kusema kopo zima limeharibika.

Huoni amiba hata mmoja

Mara nyingi kosa liko kwenye dropa, amiba wapo. Wanaishi wameshika sakafu ya chombo, ilhali wengi huchota maji ya juu, na maji ya juu huleta paramesiamu tu, kiumbe wa seli moja anayeogelea kwa vinywele. Weka sahani ya kufugia juu ya karatasi nyeusi, mulika kwa tochi kutoka ubavuni, na utafute vidoa vyeupe vyenye ukubwa wa nukta ya mwisho wa sentensi. Bana mpira wa dropa ukiwa bado nje ya maji, shusha ncha hadi iguse sakafu karibu na kidoa, kisha achia polepole. Ukibana ndani ya maji, mapovu yatawapeperusha wote.

Kama kidoa kimechotwa na bado kwenye slaidi huoni kitu, punguza mwanga. Amiba ni kama kipande cha glasi ndani ya maji, na mwanga mkali unampitia bila kuacha kivuli. Funga dayaframu (tundu la kupitisha mwanga chini ya slaidi) hadi ibaki tundu dogo, shusha kondensa (lenzi ya kukusanya mwanga) kidogo, halafu tafuta kwa lenzi ya 4 ukipita mistari sambamba toka pembe moja hadi nyingine. Kwa darubini inayotumia kioo badala ya taa, elekeza kioo kwenye ukuta mweupe wenye kivuli, si kwenye jua. Lenzi ya 40 isiguswe mpaka umempata kwa ile ya 10.

Amiba yupo lakini ni duara, hana mguu

Usimtupe. Kupita kwenye dropa ni mshtuko mkubwa, na amiba aliyeshtuka hurudisha miguu yote akawa donge. Weka slaidi chini, punguza taa, subiri dakika 10 hadi 15 bila kugusa meza. Dalili ya kwanza ya kupona ni uvimbe mdogo angavu upande mmoja, bila punje ndani, halafu ghafla punje zinaufuata. Huo uvimbe ndio mguu unaoanza.

Zikipita dakika 20 bila mabadiliko, angalia joto. Nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi ndizo zinazomfaa. Zikizidi 30 mwendo unaharibika na donge linakuwa hali ya kudumu. Mwanza asubuhi au Nairobi hakuna shida, lakini Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari maabara yenyewe inafika huko kabla hujawasha taa ya darubini. Taa za zamani za balbu huchemsha slaidi kimyakimya, kwa hiyo zima kila unapoacha kutazama. Chombo cha amiba kiweke ndani ya trei pana ya udongo yenye maji kidogo, funika kwa kitambaa kibichi ambacho pindo lake limezama majini, ukiache penye upepo na pasipo jua. Ni kanuni ileile ya mtungi: maji yanayokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto. Usiweke kwenye jokofu, kwani baridi ya nyuzi 4 inamgandisha mwendo kabisa.

Mwanga wenyewe, hata usio na joto, ni chanzo. Ukimmulika ghafla kwa mwanga mkali, mguu unaosonga husimama hapohapo, na anahitaji muda wa kuzoea. Anza na mwanga hafifu, ongeza taratibu.

Kuna duara moja ambalo ni bahati kuliona. Amiba anayejiandaa kugawanyika hujikusanya kama tufe lenye vijiguu vifupi vingi kila upande, kama tunda la forosadi. Baada ya kama nusu saa tufe linabanwa katikati, kila nusu inatoa miguu mipana na kuvuta upande wake. Ukiliona umbo hilo, mwite kila aliye chumbani aje atazame.

Miguu mingi myembamba kama nyota, lakini haendi popote

Huyu anaelea. Hana sakafu ya kushika, kwa hiyo ananyoosha miguu pande zote kutafuta pa kugusa. Tone likiwa nene mno, au amiba akiwa amechotwa sasa hivi, hali hii ni ya kawaida, na ncha moja ikigusa kioo utaona miguu mingine yote inanywea na mwili wote unamiminika upande huo. Mpe dakika 5.

Kama amezama na bado ni nyota, kioo chako ni kichafu, au maji hayana kalsiamu. Mafuta ya vidole kwenye slaidi yanamnyima mshiko. Mabaki ya sabuni ni mabaya zaidi, kwa kuwa yanaharibu utando wenyewe. Futa slaidi kwa spiriti, iache ikauke, suuza mara mbili kwa maji yaleyale ya kufugia, na uishike kwa kingo.

Punje zinatiririka ndani, mwili uko palepale

Hii inafanana na ile iliyotangulia ila chanzo kikubwa ni maji. Amiba huhitaji kalsiamu kidogo ili ashike sakafu. Maji yaliyokenekwa matupu hayana kitu, na watu wengi wanayatumia wakidhani usafi ndio uzima. Mchanganyiko unaofaa ni ule unaoitwa Chalkley: kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa, kloridi ya sodiamu gramu 0.1, kloridi ya potasiamu gramu 0.004, kloridi ya kalsiamu gramu 0.006. Mizani ya shule haiwezi kupima gramu 0.004, kwa hiyo tengeneza akiba iliyokolea mara 100: gramu 10, gramu 0.4 na gramu 0.6 kwa lita, halafu kila unapohitaji chukua mililita 10 za akiba na ujaze hadi lita moja.

Huna kemikali? Maji ya mvua yaliyokaa kwenye mtungi safi, au maji ya chupa yasiyo na gesi, hufaa. Maji ya bomba yana klorini: yaache kwenye beseni pana saa 24, au yachemshe dakika 15 na kuyapoza. Maji yaliyotiwa dawa ya kutibia nyumbani usiyatumie siku hiyo. Wanaonunua maji ya betri dukani wasome chupa mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri nayo watu huiita kwa jina hilohilo.

Amevimba, au amenywea na kukunjamana

Maji ya nje yana chumvi kidogo kuliko ndani ya amiba, kwa hiyo maji yanaingia muda wote kupitia utando. Ndani yake kuna vakuoli (kifuko) ya kusukuma maji, duara safi linalokua taratibu, linapotea ghafla, kisha linaanza upya baada ya dakika chache. Pima kwa saa ya simu muda kati ya kupotea mara mbili. Vakuoli ikijaa na kutoweka haraka kuliko kawaida, maji yako ni mepesi mno. Ikichelewa sana na ngozi imekunjamana, maji yamekolea. Mara nyingi tone limekauka kingoni mwa kioo cha kufunikia na chumvi imebaki. Ongeza tone moja la maji ya kufugia pembeni, lifyonze upande wa pili kwa kipande cha karatasi ya chujio. Vakuoli ikiwa kubwa na haipotei kamwe, seli hiyo inakufa.

Amepasuka, punje zimetapakaa

Kioo cha kufunikia kimemponda. Vunja kioo kimoja cha kufunikia, weka vipande viwili kama nguzo kulia na kushoto mwa tone, kisha funika. Au paka mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe nne za kioo na ukibonyeze taratibu kwa sindano huku ukitazama. Njia hii ya pili ni bora, kwa sababu unaweza kusimama pale ambapo amiba ameshikwa lakini hajabanwa, na mafuta yanazuia tone lisikauke. Unywele mmoja hautoshi, ni mwembamba kuliko amiba aliyejikusanya.

Anatembea vizuri lakini hali

Hapa ndipo penye subira. Sababu ya kwanza na ya kawaida ni shibe. Amiba aliyetolewa kwenye chombo chenye chakula tele ana vakuoli za chakula kumi au zaidi, na hata paramesiamu akimpanda mgongoni hashughuliki. Siku mbili kabla ya somo, hamishia amiba 20 au 30 kwenye maji safi yasiyo na chakula. Saa 48 zinatosha. Ukimwacha zaidi ya wiki moja anakuwa mwembamba, angavu, mvivu, na huyo naye hali vizuri.

Sababu ya pili ni windo. Paramesiamu hukimbia mno kwenye tone pana. Tandaza nyuzi chache za pamba ndani ya tone ili zimfungie kwenye vyumba vidogo, au tumia siliata wadogo (jamaa za paramesiamu wenye vinywele) kama Tetrahymena. Dawa za kuongeza unene wa maji, zinazotumika kumpunguzia paramesiamu kasi, usizitumie hapa, zinamlemea amiba pia. Windo liwe hai na dogo kuliko yeye, na tone moja la maji yenye paramesiamu linatosha. Ukimwaga kumi, wanamgonga kila upande na anajikunja.

Sababu ya tatu ni wewe: mtikisiko wa meza, mwanga uliobadilishwa katikati ya tendo, lenzi inayozungushwa. Kikombe, yaani miguu inayolizunguka windo ili kulimeza, kikianza kufunga kisha kikatikiswa hufunguka, windo linatoka.

Kikombe chenyewe kiangalie hivi. Paramesiamu anapotulia karibu, amiba anasimama. Pande mbili za windo zinaota miguu mipana yenye kingo angavu, inapinda kulizunguka bila kuligusa, ikiacha nafasi ya maji katikati. Kwa windo lenye mbio, nafasi hiyo ni ya lazima, kwani likiguswa linaruka. Kingo za miguu zinasogeleana, zinakutana, zinaungana. Sasa paramesiamu yumo ndani ya mfuko wa maji, bado anaogelea, anagonga kuta, anageuka. Baada ya dakika chache anapunguza mwendo, nywele zake zinachezacheza bila mpangilio, anasimama. Mfuko unapungua kwa kuwa maji yananyonywa, na ndani yake kunakuwa na asidi, kisha vimeng'enya vinaanza kazi. Mwani usiosogea humezwa kwa namna nyingine: mguu unaukumbatia ukiubana moja kwa moja, bila nafasi ya maji. Ukiwaonyesha wanafunzi tofauti hii wataelewa kwamba mguu uleule wa kutembelea hubadilishiwa kazi kulingana na kilichoko mbele yake.

Usishangae ukiona kikombe kinafunga bila kitu ndani. Hutokea, hasa kwa amiba mwenye njaa ambaye windo limemponyoka. Wala mabaki hayana mlango maalumu: amiba anayabeba hadi nyuma, kisha anasonga mbele na kuyaacha njiani. Kinyesi hicho ndicho wengi hukichora kama amiba mdogo aliyezaliwa.

Chombo kizima kimeharibika

Maji meupe kama ya kuoshea mchele, yenye harufu, maana yake chakula kimezidi na bakteria wamemaliza oksijeni. Kwa sahani ya sentimita 10 yenye mililita 60 za maji, punje 2 au 3 za mchele, au punje 4 za ngano zilizochemshwa dakika 10, zinatosha. Punje hazimlishi amiba. Zinalisha bakteria, bakteria wanaliwa na siliata, siliata ndio chakula chake. Ukijaza kiganja cha mchele umefuga bakteria tu.

Kuokoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu amiba wameshika sakafu. Acha sahani itulie saa moja, inamisha na umwage maji yote kwa haraka bila kutikisa, jaza maji mapya, rudia mara mbili. Siliata waliozidi na uchafu wanaondoka, amiba wanabaki. Ukungu mweupe ulioota juu ya punje uondoe pamoja na punje yenyewe kwa koleo. Minyoo midogo ukiiona, usihangaike kuichuja: chagua amiba 40 au 50 mmoja mmoja kwa dropa yenye ncha nyembamba na uanzishe chombo kipya. Kila wiki mbili hadi nne anzisha kingine hata kama cha kwanza ni kizima, na usiweke vyombo vyote kwenye rafu moja.

Funika, lakini usizibe. Weka gizani kiasi. Vyombo vilivyosafishwa kwa sabuni, na vya shaba, vikae mbali kabisa.

Hicho siyo amiba

Kiputo cha hewa kina ukingo mweusi mnene usiobadilika. Kitu chenye kombe la kahawia kama sahani iliyopinduliwa, na vidole viwili vitatu angavu vinavyotokea chini, ni Arcella. Chenye nyumba ya chembe za mchanga ni Difflugia. Hao wawili wana miguu bandia kweli, kwa hiyo ni mali nzuri ya somo. Tufe lenye miiba iliyonyooka kama miale ya jua ni Actinophrys: miiba ile imeshikiliwa na vijiti vya ndani na kazi yake ni kunasa windo likigusa. Ukibaki na shaka, tafuta vitu viwili tu, mtiririko wa punje ndani na vakuoli inayojaa na kupotea. Kidonge cha uchafu hakina hata kimoja.

Kama unawachota kidimbwini, kwangua upande wa chini wa majani ya yungiyungi na majani yanayooza, si maji ya katikati. Vaa glavu ndefu na mabuti kwa ajili ya kichocho, na maji hayo yasiingie puani. Toa konokono wote kabla ya kuyaweka maabara.

Slaidi ya hospitali

Mafundi wa maabara hukutana na tatizo lilelile kwa sura nyingine. Entamoeba histolytica, amiba wa kuhara damu, ana mikromita 10 hadi 60, na nje ya mwili miguu yake haidumu. Choo cha majimaji kitazamwe ndani ya dakika 30 tangu kitoke. Kikichelewa, amiba amejikunja duara na utamsoma kama chembe nyeupe ya damu. Tofauti na yule wa kidimbwini, huyu hana vakuoli ya kusukuma maji, kwa hiyo ukimweka kwenye maji matupu anavimba na kupasuka. Tumia salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.85. Ayodini iwe kwenye tone la pili, si la kwanza, kwa sababu inamuua na mwendo unapotea. Slaidi ya baridi nayo inamsimamisha, ipashe joto la mwili kwanza. Mguu mmoja mpana angavu unaochomoza ghafla kuelekea upande mmoja, pamoja na chembe nyekundu za damu zilizomezwa ndani, ndiyo dalili ya kuandika kwenye fomu. Mwendo peke yake bila chembe nyekundu hautoshi, kwa kuwa Entamoeba dispar asiye na madhara anafanana naye kabisa. Na kinyesi cha mgonjwa kisipelekwe darasani kwa ajili ya somo hata siku moja. Wa kidimbwini anatosha.